Picha ya Skani ya Neema

Ijumaa, Novemba 2012, Mansoura

Ni mimi mwenyewe niliyempa ile picha. Sina wa kulaumu.

AC ya chumba changu huku Uarabuni imekuwa ikivuja juu ya sanduku langu, na cheti cha ubatizo cha Mama kilishaanza kuota ukungu. Kwa hivyo leo, siku yangu ya kupumzika, nilibeba karatasi zote za nyumbani hadi kwa yule Mhindi wa fotokopi, nikamwambia azipige lamineti, azifunge kwenye plastiki kwa ile mashine yake ya moto. Kwetu kitu cha maana hutunzwa hivyo. Hata programu ya mazishi ya Baba tuliipiga lamineti.

Cheti kilitoka kiking'aa. Kisha akaingiza picha ya skani ya Neema, ya akiwa bado tumboni mwangu, ikatokea upande wa pili ikiwa nyeusi tititi.

"Sista, karatasi hii haitaki joto," alisema kwa Kiingereza chake, akiishika kwa ncha za vidole. "Ilikuwa nini?"

Nilizikusanya karatasi zangu. Neema alizaliwa amekufa. Hana picha nyingine.

Jioni mume wangu, Wafula, akapiga simu kutoka Bungoma. Miaka minne amekataa kuitazama picha hiyo. Nilikuwa nikiitoa, yeye anatoka nje. Leo, bila mimi kumgusia, akasema, "Mama Neema, nitumie ile picha. Nadhani sasa naweza."

Hakuwahi kuniita hivyo.

Nilimwambia kamera ya simu ina shida. Akauliza kama nimeitunza vizuri.

"Nimeitunza," nikasema. "Hata maji hayawezi kuingia tena."