Migomba Minne ya Mutambala

Jumatatu, 1 Septemba 2003

Nilifika Baraka, upande wa Kongo, jana kwa mtumbwi wa injini wa Placide, kutoka Kigoma. Niko kwa shemeki Néhémie, mdogo wa marehemu mume wangu; hapa ni kwao, mimi ni wa Uvira. Nyumba imebaki na nusu ya paa. Shamba la mume wangu kule mlimani limekaliwa na wanajeshi — hakuna kwenda.

Tulivyopatana na kaka Jacques kwenye kambi ya wakimbizi ya Lugufu, Tanzania: vitu sita, kila kimoja juu ya ishirini, kama mtihani. Maji, udongo, njia, shule, dawa, watu. Alama zikifika 60 juu ya 120, naandika "njooni". Hapo Jacques anarudisha karatasi za mgao wa chakula, na mama anavuka ziwa na watoto wangu wawili. Karatasi ikirudishwa, hupewi nyingine. Kwa hiyo — hakuna upendeleo!

Maji: mto Mutambala. Safi asubuhi, matope baada ya wanajeshi kuoga. 14.

Jumatano, 3 Septemba 2003

Njia: vizuizi vitatu kuelekea Nundu. Cha kwanza walichukua sabuni, cha pili kitenge. Cha tatu hawakukuta kitu, wakanitukana. 4.

Dawa: muuguzi mmoja. Anaandika jina la dawa kwenye karatasi, dawa yenyewe haipo. 5.

Jirani Riziki ameniona na daftari na kalamu. Akawaambia wenzake kwa sauti, nisikie: "Muone uyu mama wa Uvira! Anatupima na bic kama kitambaa!" Wakacheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 5 Septemba 2003

Shule: madawati yalichomwa kupikia. Lakini mwalimu anafundisha. Nilisimama dirishani nikamsikiliza, Kifaransa bila kosa. 8.

Baba Zakaria, baba mdogo wa mume wangu, amenionyesha kipande cha shamba lake kando ya mto. Ameniazima. "Lima, mama. Utakula na batoto." Nikachimba mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Udongo mweusi, minyoo mingi. 17!

Jumapili, 7 Septemba 2003

Jumla bila watu: 48. Zinatakiwa 12 zaidi.

Watu. Leo kanisani palikuwa na nafasi kwenye benchi. Riziki akaweka kikapu chake pale, nikasimama mpaka mwisho wa misa. Nimeandika 7. Nikamkumbuka Baba Zakaria — 9. Nikakumbuka foleni ya unga Lugufu, na mwanangu Tania anavyokohoa ndani ya hema.

12. Jumla 60.

Barua nimempa Placide, anaondoka kesho. Nimeongeza mstari mmoja: Udongo ni mzuri sana, mama atafurahi.

Jumanne, 9 Septemba 2003

Masista wamenipa miche minne ya migomba. Nimeipanda mwisho wa shamba, mstari mmoja, hatua tatu tatu. Watoto wakute kitu cha kijani.

Jumatano, 10 Septemba 2003

Asubuhi nimefungua mlango: miche yote minne imeng'olewa shambani na kutupwa uani, mizizi juu.

Baba Zakaria alikuwa uani na jembe, na nusu ya mtaa nyuma yake. "Nilikuazima udongo! Nani alikuambia upande mugomba? Maharagi inaisha. Muhogo unang'olewa. Mugomba inabaki, inazaa. Kesho batoto bako banakuja kuniambia: toka, mugomba ni ya mama!"

Nikasema sikujua. Riziki akadakia: "Hakujua! Na bic yote ile!"

Wakataka daftari. Nikalitoa. Baba Zakaria anajua kusoma; alisoma ukurasa polepole, kidole kwenye mstari.

"Watu, kumi na mbili. Juu ya ngapi?"

Nikasema ishirini.

"Umetuzidishia."

Hakuna aliyecheka. Akanirudishia daftari. Neno lake la mwisho: maharagi na muhogo, basi. "Mugomba moja tena — unatoka, weye na bako bote." Nimekubali mbele ya watu wote.

Nikamuuliza Néhémie kwa nini hakunionya. Alikuwa amesimama nyuma muda wote kama mlingoti. "Nani anafundishaga kile, shemeki? Kila muntu anajua."

Watu: 12 nimefuta. 2. Jumla 50.

Barua imeshavuka.

Jumamosi, 13 Septemba 2003

Maharagi nimepanda mistari tisa. Riziki alisimama njiani akahesabu. Hakunisalimu.

Jumapili, 14 Septemba 2003

Niko ufukweni. Mtumbwi wa Placide umefika, ila wanajeshi wameuzuia hatua hamsini majini, wanakagua mizigo. Naandika huku nikisubiri.

Baba Zakaria amekuja na shati lake la kanisani. Amesema wageni ni wageni, lazima wapokelewe. Riziki naye yupo, na bamama wengine.

Tania namwona. Mdogo wake pia. Wamekonda.

Mama amesimama katikati, amekumbatia gunia. Mdomoni mwa gunia yanatoka majani mapana ya migomba. Mabichi.

Ile barua! Udongo ni mzuri sana, mama atafurahi.

Nimempungia mkono alitupe majini. Anadhani namsalimu. Amelinyanyua gunia juu kwa mikono miwili, tulione.

Riziki amenyoosha kidole kwenye gunia.

Baba Zakaria amekinga jua kwa kiganja. "Mama yako amebeba nini?"

Wanajeshi wamewaachia. Wanakuja, gunia bado liko juu.