Siku za Maji

Jumatatu, 3 Machi

Imekuja. Hedhi, asubuhi, kabla ya chai. Nilibaki bafuni kidogo nione kama nitalia. Sikulia. Nikapiga mswaki.

Mume wangu, Unga, alikuwa ndiyo kwanza anaingia, anavua viatu mlangoni, nyusi nyeupe kama kawaida yake. Nilimwambia, "Mwezi huu maji yalitoka bure." Akasema haya. Akaenda kulala na suruali yake ya kazi. Mashuka yote unga.

Niandike habari ya neno hili, maana nitakuja kusahau lilianzaje. Mume wangu ni mwokaji mikate, ndiyo maana wote tunamwita Unga, hata mama yake. Mama mkwe alihamia kwetu baada ya kupasuliwa goti. Vyumba viwili, ukuta wa mbao — ukipiga chafya huku, kule unaombewa afya. Mambo yetu tutayasemaje? Na mtaa huu maji ni ya mgawo. Basi tukapatana: zikifika zile siku zangu za kushika mimba, nasema "maji yanatoka leo". Maji yenyewe, ya kunywa na kuoga, tunayaita bomba. "Bomba limefunguliwa." Unga alikuwa anacheka mpaka anauma mto.

Mama, masikini, hana habari. Akisikia maji yanatoka leo anainuka na goti lake, anapanga ndoo, kisha anashika mkongojo anaenda kwa jirani. Ndoo zinakaa tupu mpaka jioni. Hata siku moja hajauliza.

Jumamosi, 8 Machi

Kliniki. Daktari ni mama mmoja mpole, anaongea huku anakunja kunja kona ya karatasi. Kwangu hajaona tatizo. Nimeze vidonge vya foliki kila siku, nipunguze kahawa, nilale vizuri, nisijitese. Nilimjibu sawa kwa kila kitu. Angeniambia nile sabuni ningesema sawa.

Kisha majibu ya Unga. Mbegu zipo, akasema, ila zinakwenda kivivu. Akamuuliza kazi yake. Unga akasema tanuri — mikate, usiku kucha. Daktari akasema huenda ni joto lile, hawezi kuapa, lakini akipata kazi ya mbali na moto ajaribu kwa miezi michache, tuone.

Kwenye taa za barabarani Unga akasimama.

"Kivivu?"

Nikamwambia ni lugha yao tu.

"Mimi? Kivivu?"

Mtu anayekanda unga kabla majogoo hawajawika! Tulivuka. Upande wa pili akasema tena, peke yake, kama mtu aliyetukanwa na hajui aliyemtukana amepita wapi. Nilijua natakiwa nimshike mkono. Nilikuwa na mfuko wa vidonge mkono huu na mwavuli mkono ule. Mwavuli ningeweza kuuweka kwapani. Sikuuweka.

Alhamisi, 13 Machi

Bosi wake amekubali. Amemtoa kwenye tanuri, amemweka kaunta, mchana, auze. Shati safi lenye kola. Nyusi zake kumbe ni nyeusi hivi! Nilikuwa nimesahau.

Anasema wateja wanabonyeza mikate yote halafu wanachukua ule wa kwanza. Anasema kijana waliyemweka kwenye tanuri anaunguza chini. Anasema hivi na hana hasira, ndilo linaloniogopesha. Mama akamnusa alipoinama kumsalimia. "Baba, siku hizi unarudi na harufu ya watu, si ya mkate." Unga akacheka kidogo. Mkate wa mezani hakuugusa.

Kazini nimechafua pazia. La ofisi moja, rangi ya maziwa, kitambaa ghali. Sindano ya cherehani iliniingia kidoleni, na mimi niliona doa kwenye kitambaa kwanza ndipo nikajua nimechomwa. Mama Pacha, anayekaa cherehani ya pili, ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa natazama tu. Kidole changu, damu yangu — kama cha jirani.

Akanifunga kitambaa, na dawa ya bure juu: niache kufikiria. Yeye hakufikiria kitu, akapata wawili mara moja. "Wewe unaibana mno, shoga yangu. Legea!" Nikamwambia nitalegea. Legea kiasi gani tena? Mwili huu ukilegea zaidi utamwagika.

Jumapili, 16 Machi

Maji yanatoka leo. Nimelisema wakati wa chai, sauti ya mtu anayesoma mita ya umeme. Unga akaitikia kwa kichwa. Mama akapanga ndoo, akaenda kwa jirani.

Tukafanya. Tulikuwa kama watu wawili wanaohamisha kabati: inua upande wako, taratibu, hapo hapo, haya. Unga anatazama dari, mimi natazama dari. Dari ina doa la mvua lenye umbo la kiatu. Kisha akaniwekea mto chini ya kiuno bila kuambiwa, kama alivyosikia mahali, akakaa pembeni ya kitanda.

"Asante," akasema.

Asante! Kama nimemrudishia chenji. Kaunta imemharibu huyu. Nilitaka kumwambia hivyo, tucheke. Maneno yalikuwepo kabisa. Uvivu wa kuyatoa.

Jumatatu, 31 Machi

Imekuja.

Jumatano, 2 Aprili

Tumegombana. Kwa kunong'ona, kwa sababu ya ukuta. Kugombana kwa kunong'ona kunachosha kuliko kupiga kelele — koo linakauka na huwezi kugonga kitu.

Alitaka kurudi kwenye tanuri. Nikamwambia daktari alisema miezi michache, wewe hata mmoja haujaisha vizuri. Akasema daktari hasimami kaunta. Nikasema basi rudi kwa tanuri lako, uzae nalo. Hilo ndilo lililomchoma. Akaniangalia.

"Wewe unanitaka siku za maji tu," akasema. "Siku nyingine hata sijui kama unaniona."

Nikasema, na wewe?

Upande wa pili redio ya Mama ikaongezwa sauti. Nadhani ni taarifa ya habari ilikuwa inaanza.

Mtu akiambiwa maneno kama yale anatakiwa aumie. Nimeyarudia tena na tena wakati napiga pasi: unanitaka siku za maji tu. Siumii. Ni ganzi, kama mguu uliolaliwa. Ila najua ni kweli, na najua kwamba nikipata mtoto na ikabaki hivi, huyo mtoto atazaliwa kwenye nyumba ya watu wawili wanaoambiana asante. Na nisipompata, tutabaki na nini? Hilo ndilo ninaloliogopa. Nimeliandika. Basi.

Ijumaa, 11 Aprili

Jana usiku alitoka bila kusema anakwenda wapi. Asubuhi hii nilimfungulia mlango. Nyusi nyeupe.

Alisimama pale anasubiri nifoke. Mkate chini ya kwapa, umefungwa kwenye gazeti, bado moto. Nilikuwa na maneno yote tayari — daktari, vidonge ninavyomeza, kahawa niliyoacha, yote. Nikamwambia, "Ingia, unapoza nyumba."

Nilifurahi. Sijui kwa nini. Naandika tu hapa ili nisije nikakana: nilipoziona nyusi zile, nilifurahi.

Jumapili, 13 Aprili

Loo! Leo.

Siku zenyewe ndizo hizi. Najua, na Unga anajua, kalenda iko mlangoni na haifichiki. Sikusema neno. Yeye hakuuliza. Tumekaa watatu mezani, chai, mayai, mkate wake.

Mama akapaka siagi mpaka kwenye kona, hana haraka. Kisha akauliza, uso mkavu kabisa:

"Mbona mwezi huu sijasikia habari za maji?"

Unga akapaliwa. Chai ikamtoka puani — mtu mzima! Mimi nikasema, maji, Mama? Maji gani?

"Maji. Mwezi uliopita si yalitoka Jumapili? Nikapanga ndoo, nikaenda kwa jirani kusikiliza habari za kuku wake tangu asubuhi mpaka jua linazama, na goti hili. Mnadhani nawapenda sana wale kuku?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Mama mkwe wangu! Ninayempa shikamoo na kuinama!

"Mama, ulikuwa unajua?" Unga akauliza, sauti kama ya mtoto.

"Mwenye macho haambiwi tazama. Nyumba gani hii, bomba likifunguliwa mnasema bomba, maji yakitoka bomba kavu?" Akauma mkate. "Mimi nimezaa sita, mama mkwe chumba cha pili, ukuta pazia. Sisi tulikuwa tunasema taa imeisha mafuta. Wewe, baba, umepatikana kwa taa kuisha mafuta. Mchana kweupe."

Akajipangusa makombo. Akainuka, akachukua mkongojo. Mlangoni akageuka, na hapo hakuwa anatania tena.

"Wanangu, mimi mjukuu namtaka, siwafichi. Lakini hata akichelewa, asipokuja kabisa, nyinyi ndio ninaokaa nao. Msije mkanichosha kwa kimya." Halafu: "Naenda kwa kuku. Maji yatoke, yasitoke."

Tukabaki. Sikuthubutu kumwangalia Unga. Nikasikia meza inatikisika. Nikadhani analia — anacheka! Amefunika uso kwa mikono, mabega yanaruka. Nikaanza na mimi. Tulicheka mpaka nikashika tumbo, na kila tukitulia mmoja anasema "kuku" tunaanza upya. Kwenye kucheka machozi yakanitoka, yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Unga akanipangusa na kiganja chake kigumu cha tanuri. Nikamwambia naogopa. Akasema na yeye anaogopa, tena lile neno kivivu halimtoki kichwani, usiku anakanda unga nalo.

Nikamwambia wewe si mvivu. Nikamwambia mara mbili. Ilikuwa nimwambie tangu siku ile kwenye taa za barabarani.

Vyombo havikuoshwa mpaka mchana. Leo sijui dari ina doa la umbo gani.

Jumatano, 30 Aprili

Haijaja. Ilikuwa ije juzi. Sijamwambia mtu.

Imewahi kuchelewa kabla ya hii na ikaja na hasira zake zote. Mama Pacha ameniona nimeweka mkono tumboni, nikasingizia njaa, akanipa nusu ya andazi lake. Nikala. Nimeshona mapazia ya hoteli, upindo umenyooka, sikujichoma. Sitaki kutumaini. Ganzi imerudi, na safari hii nimeiita mwenyewe. Kaa hapa, nimeiambia, kaa hapa mpaka tujue.

Jumapili, 4 Mei

Naandika bafuni, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndipo mahali pekee penye komeo.

Jana nilinunua kipimo cha mimba. Duka la mbali, si lile la mtaani. Nimekwisha kufanya kama karatasi yake ilivyosema, na muda uliotakiwa umepita zamani. Kiko pale ukingoni mwa dirisha, nimekilaza kifudifudi. Mgongo wake mweupe tu. Nimeandika kwanza. Nikimaliza ukurasa huu nitakigeuza.

Bomba halijatoa tone tangu Alhamisi. Mama yuko jikoni anasogeza ndoo, nazisikia. Unga amerudi, amevua viatu, kiatu cha kwanza, cha pili. Anamuuliza Mama niko wapi. Mama anamwambia niko bafuni tangu alfajiri, na amwache mtu apumue.

Ukurasa umekwisha. Nimegeuza karatasi badala ya kipimo.

Bomba limekohoa! Nililiacha wazi bila kujua. Limekohoa, limetema kutu, sasa linamwaga, lile la chini, sakafuni moja kwa moja. Ndoo ninayotakiwa kukinga ndiyo niliyoikalia.

Unga kwenye korido: "Maji yanatoka?"

Mama kutoka jikoni: "Maji yapi, baba? Sema vizuri!"

Nyayo za Unga zimekuja mpaka mlangoni. Nazijua, hana viatu. Ameegemea mbao, nimeisikia ikilia.

"Yoyote," amesema, polepole, kwangu mimi. "Yoyote tu."

Maji yamefika vidoleni mwa miguu yangu. Ya baridi. Baridi kweli, mpaka kwenye kisigino, nayahisi yote. Yanapita chini ya mlango, yanakwenda upande wake, na yeye haondoki. Nimenyoosha mkono dirishani, nimekishika kipimo, bado sijakigeuza, na nimemwambia Unga ngoja tukigeuze wote, nafungua ko—