Watoto wa Maji ya Chumvi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako huyu asiye na adabu. Natumaini barua inakukuta mzima, unakula, unalala, na baridi ya huko haijakugandisha kama vile vichupa vyako vya chanjo. Sisi huku tunapumua. Mama mguu unamsumbua lakini mdomo uko fiti, bado anagombana na redio. Mimi niko vilevile, viatu vya mtumba na kipaza sauti changu, nawaita wateja mpaka wenye viatu vipya wanaona aibu. Hapa mtaani hakuna anayekumbuka jina nililopewa nilipozaliwa, mimi ni Kipaza tu. Somo yako, huyu binti yangu niliyempa jina lako, yupo, anakua, meno ya mbele yameota tena. Samahani kwa zile mara ulizopiga simu ukitaka kuongea naye ukaambiwa amelala. Nitakueleza, usinikimbize.

Kwanza hongera kwa tuzo. Tulikuangalia kwenye televisheni pale kwa kinyozi. Kinyozi alizima mashine, mteja wake akabaki na kichwa nusu na wala hakulalamika. Nikawatangazia kwamba huyo mwenye gauni la maana ndiye niliyekuwa namwibia soksi. Ukaeleza habari za mdogo wetu wa mwisho, jinsi homa ya kisogo ilivyomchukua, shingo ikakaza asubuhi na jua lilipozama tukawa hatuna mtoto. Mama akajifunika uso kwa khanga. Mimi nilikuwa mdogo siku ile, lakini nakumbuka ulivyomfuata muuguzi mpaka getini ukimuuliza kwa nini hakuna sindano ya kuizuia, naye akakujibu nenda kasome uje uitengeneze mwenyewe. Nadhani alitaka tu umpishe apite. Hakujua anaongea na nani.

Ukasoma kweli. Mimi na shule tuliachana mapema, kwa amani, kila mtu akashika njia yake. Siku niliyokuja kukutembelea maabara ulinionyesha chupa bapa zenye maji ya pinki, ukaniambia mle ndani kuna seli hai, ndizo mnazofugia kirusi, na lazima zilishwe hata sikukuu. Ndiyo maana hukuja kwenye harusi yangu. Nilimwambia mke wangu kwamba wifi yake amebaki nyumbani kulisha mifugo isiyoonekana. Chanjo yako ya kwanza ikawafaa panya ikawakataa nyani. Ya pili ilikuwa nzuri, kirusi kikajigeuza, kazi ya miaka ikaenda na maji. Mchumba wako akachoka kusubiri akaoa kwingine. Ulinipigia simu ukicheka, nikacheka na mimi, mpaka simu ikakatika yenyewe.

Ndipo ukaja na chanjo ya tatu, ya kujaribiwa kwa watoto, na safari hii ukanihitaji mimi. Watu wa mtaa walikuwa wanaliogopa gari lenu jeupe. Uliwaeleza kwa maneno ya kitabuni, akina mama wakakutazama tu kama unauza sabuni. Ukaniomba niseme kwa lugha yangu. Nikapanda juu ya meza ya viatu nikawasha kipaza. Nikawaambia nusu ya watoto watapata chanjo na nusu watadungwa maji ya chumvi tu, ili ionekane kama chanjo inafanya kazi kweli. Na hakuna atakayejua nani kapata nini, si muuguzi, si dada yangu, ni kompyuta peke yake, na kompyuta haina shangazi. Walicheka sana. Fundi cherehani, yule jirani yetu wa dirisha la kijani, akauliza hao wa maji ya chumvi wao faida yao nini. Nikakugeukia. Ukasema, na mimi nikarudia kwa sauti yote niliyopewa, kwamba siku chanjo ikifaulu wa maji ya chumvi watachanjwa kabla ya mtoto mwingine yeyote duniani.

Fundi akawa wa kwanza kupanga foleni na mwanawe. Mimi nikamleta somo yako. Nilikunong'oneza unichagulie chupa nzuri, si damu yako hii? Ulinitazama kama nimekutemea mate. Ukaniambia ukianza kuchagua, basi kazi yote imekuwa uongo. Nilinuna, sikatai. Lakini jioni nilikuwa najisifu mtaani kwamba nina dada asiyejua ndugu kazini.

Ikafaulu. Siku redio iliposema, watu walicheza barabarani, hata mimi niligawa kandambili bure, na unajua mimi sigawi kitu. Muuguzi wenu akaja na kumwambia kila mzazi mtoto wake alikuwa kundi gani. Wa fundi, maji ya chumvi. Somo yako, maji ya chumvi. Nikatania kwamba hawa wetu wameshatiwa chumvi, bado kuwekwa jikoni tu. Wewe ukaitwa huko uliko, nasi tukakaa kusubiri gari jeupe.

Tukasubiri, dada. Nilipokupigia ulisema chanjo sasa ni mali ya kampuni, wenyewe wameanza na walioagiza kwa wingi, tuvumilie. Nikalitangaza hilo kwa kipaza, na mzaha juu yake ili lishuke kooni. Nilipokupigia tena ukasema vilevile, nikatangaza tena, mzaha ukawa unapungua utamu. Mwishoni nikaenda mwenyewe kwenye jengo la maabara yenu. Mlinzi akaniambia mradi uliisha zamani. Vile vyumba vyako vya kulishia seli sasa vinawekwa viti vya kukodisha.

Sasa rudi pale kwa kinyozi, maana sijamaliza. Yule mtangazaji alikuuliza kuhusu watoto wa majaribio. Ukatabasamu ukasema kila mtoto aliyeshiriki amepata haki yake. Kinyozi akawasha mashine tena akaendelea na kile kichwa. Fundi naye alikuwepo. Aliniuliza, kwa upole kabisa, hiyo haki ilikuja na gari gani, kwa sababu yeye yuko dirishani kutwa, labda ilipita akiwa ameinama kutunga uzi. Watu wakacheka. Mimi nikamshika mama mkono tukaondoka.

Haya, lile la simu. Kisogo kilirudi msimu uliopita. Somo yako aliamka shingo imekaza. Nilimbeba mgongoni nikakimbia naye hospitali bila viatu, mimi muuza viatu. Hakufa. Mama ameniambia nianze na hilo, kwamba hakufa. Lakini masikio yamekwenda yote mawili, na daktari amesema hayarudi. Mama alinikataza nisikuambie mpaka umalize sherehe ya tuzo, alisema mtoto mmoja ameshaumia, nisimvuruge na mwingine, yaani wewe. Kwa hiyo hakuwa amelala, dada. Alikuwa amekaa pembeni yangu, macho wazi, anaangalia midomo yangu ikisema amelala.

Nilijaribu kipaza. Nilikiweka jirani kabisa na yeye nikaliita jina lake, ambalo ni lako, kwa sauti ile ya kuuzia viatu. Majirani wakatoka nje. Yeye akaendelea kufunga kamba za kiatu. Baadaye akaweka kiganja kwenye mdomo wa kipaza, akahisi kinatetemeka, akacheka. Sasa ndio mchezo wake. Ananiletea kila jioni ili niseme kitu.

Kwa ile chupa sikulaumu. Ulikataa kuchagua na ulikuwa sawa, kompyuta haikutuonea. Nakulaumu kwa ile sentensi ya kwenye televisheni. Msimu unakuja tena, na mtoto wa fundi bado ana maji ya chumvi mwilini, yeye na wenzake wote niliowaita kwa mdomo huu. Njoo na hizo sindano. Kama wamekunyima, njoo mikono mitupu useme wamekunyima, na useme pia kwamba ulijua. Lakini useme wewe. Mdomo wangu sikuazimi tena. Kipaza nimekifuta vumbi, betri nimejaza, na meza ya viatu ni ngumu, itakubeba.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae soksi. Wifi yako anakusalimu, ingawa kwa sasa haongei sana. Kinyozi anasema kichwa chako kingehitaji mkono wake. Somo yako yuko hapa, ameniegemea begani, amenyoosha kidole kwenye karatasi akitaka kujua namwandikia nani. Nimemwonyesha picha yako ukutani, ile uliyovaa koti jeupe. Ameipungia mkono, kisha akasubiri akiutazama mdomo wako, kama anavyofanya mtu akimsemesha. Hizo ndizo salamu zake.

Mimi mdogo wako,
Kipaza