Maziwa ya Chifu na Intaneti ya Shosho

Njeri mjukuu wangu,

Huku Njoro tuko salama. Guka, babu yako, anakohoa kidogo tu, na ng'ombe amezaa.

Umeuliza mbona sura yangu huganda tukipigiana video, na tunalipia intaneti ya kasi. Hata mimi bado nimeshtuka! Jana kijana wa kampuni alikuja, nikamwambia aipime hiyo kasi nikiona. Akacheka. "Mathe, hiyo tuliandika ni ile ya juu kabisa. Hatukusema itafika kwako."

Haki ya Mungu, nilikaa chini.

Nikiwa msichana nilikuwa napeleka maziwa kwa deri. Karani alitumbukiza kipimo kwa mkebe wa kila mtu, sisi sote tukitazama kikielea. Asubuhi moja kikazama kwa mkebe wa chifu. Yametiwa maji! Maziwa ya chifu yakamwagwa kwa nyasi kama ya mtu yeyote, na kesho yake akaleta mazuri.

Basi nikamuuliza huyu kijana kipimo chake kiko wapi. Akaniambia nizime kile kisanduku cha intaneti, halafu niwashe tena.

Nimezima, Njeri. Sijawasha. Ndiyo maana leo unasoma karatasi.

Shosho wako