Saa ya Nyumbani Haipandi Ngazi

Tata,

Jumatatu nilikuwa na Komanda, yule aliyekuwa mkubwa wako wa uwanja wa ndege, mkononi mwangu. Alikuwa futi elfu tisa juu ya Kolwezi, amezungukwa na mawingu ya mvua, yeye na rubani wake hawaoni hata ncha ya bawa lao. Mtu pekee aliyejua ndege nyingine iko wapi nilikuwa mimi. Nilitaka kumwua. Mama sijamwambia. Nakuambia wewe, baba yangu.

Hujui kwamba sasa mimi ni mtu wa mnara, mwongoza ndege kama wewe. Baada ya kukuzika niliomba kusomea kazi yako. Nilikaa Kinshasa miaka miwili, mwanamke mmoja katikati ya wanaume, kisha wakanirudisha kwenye kiti chako, kile kile chenye mguu uliofungwa waya. Mama alipitisha wiki nzima bila kunisemesha. Mwishoni alisema, "Ile kiti ilikula tata yako, na weye unaenda kuikalia?" Nyumba ya kazi walitutoa. Tunapanga vyumba viwili Dilala, na picha yako imeegemea ukuta juu ya kabati, kwa sababu mwenye nyumba hataki misumari.

Saa zako zote mbili ziko. Ile ya mkono wa kushoto, ya nyumbani, anayo Mama. Ya mkono wa kulia ninaivaa mimi. Unakumbuka batoto ba jirani walivyokucheka? "Tata wa masaa, leo tunakula saa ya wapi?" Nawe ulikuwa unawajibu kwa uvumilivu, kila mara, kwamba ndege za dunia nzima zinafuata saa moja tu, na hiyo iko nyuma ya saa yetu kwa saa mbili. Nilipokuja kukuletea chakula nilikuona chini ya mnara ukivua ile ya kushoto na kuitia mfukoni kabla ya kukanyaga ngazi. "Saa ya nyumbani haipandi ngazi," ulisema. Nilidhani ni mchezo wako.

Sikudhani ndiyo itakayomkamata Komanda.

Siku ya ajali iliyokupotezea kazi sikuwapo, lakini uliniambia mara nyingi, ukiwa umekaa nyumbani kwenye kigoda bila kazi, hata naweza kuiona. Ndege ndogo ya wagonjwa ilikuwa futi elfu saba, mawinguni. Ndege kubwa ya wageni wa Komanda ilikuwa juu yake, ina haraka. Ulikuwa unasubiri ile ndogo iseme yenyewe kwamba imeshuka chini ya hapo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako ya nafasi mawinguni: "Usipe mutu fasi yenye mwenzake hayasema ametoka." Komanda alipanda ngazi akihema, wageni wake walikuwa na sherehe mjini. Akakunyang'anya mikrofoni mkononi. Akawaambia washuke futi elfu saba.

Vipande vya ndege zote mbili viliangukia mashamba ya mihogo, njia ya Mutshatsha.

Tume ya uchunguzi iliuliza swali moja. Nani anazitenganisha ndege zikiwa mawinguni? Komanda alikunyooshea kidole. Kilichoniuma ni kwamba jibu lilikuwa kweli. Mwenyewe ulinifundisha: "Kama jua iko, kila rubani iko na macho yake. Bakiingia mu mawingu, macho ni mi." Alichukua heshima ya kazi yako yote akaifanya kamba ya kukunyongea. Kisha akatoa kikaratasi cha ile ndege kubwa, kile tunachoandikia kila amri na saa yake, chenye amri ya futi elfu saba na herufi za jina lako chini. Ukasema si mwandiko wako. Katika tume nzima hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kushika mikrofoni. Walikuita mzembe, sitwayeni, raia asiyejali maisha ya watu. Hukumaliza mwaka.

Msimu huu wa mvua chumba cha makaratasi kilianza kuvuja, na mimi, kwa kuwa ni mgeni, ndiye niliyeambiwa nihamishe mafaili. Nililiona lako. Vikaratasi vya siku ile vilikuwa bado vimebanwa pamoja. Vitatu vya mwandiko wako: 08.31. 08.37. 08.40. Halafu kile cha ndege kubwa: 10.42.

Nilikaa sakafuni, Tata, maji yananidondokea shingoni. 10.42 ni saa ya nyumbani; kwa saa ya ndege ilikuwa 08.42. Nilipekua faili za miaka yako yote. Hukuwahi kuiandika hata mara moja. Aliyekiandika kile kikaratasi alitazama saa ya mkononi mwake, ya sokoni, ya misa, ya mikutano ya chama. Hakuwahi kukaa kwenye kiti.

Sikumwonyesha mtu. Nilikitia ndani ya kitabu changu cha sala pamoja na vile vitatu, nikasubiri. Nililala nacho. Nilikula nacho. Padri akiomba tuwasamehe waliotukosea, mimi nilifunga mdomo.

Na Jumatatu Komanda akaja. Siku hizi ni mkubwa Lubumbashi, alikuwa anakuja kutukagua pamoja na mkaguzi mzee kutoka Kinshasa. Chini yake, futi elfu saba, palikuwa na ndege ya misheni yenye masista wawili na mtoto mwenye mguu uliovunjika. Haikuwa imesema imetoka. Rubani wa Komanda akaomba kushuka. Nikamwambia abaki. Akaomba tena. Kisha nikaisikia sauti ya Komanda yenyewe, imemnyang'anya rubani mikrofoni kama ilivyokunyang'anya wewe: "Sitwayeni, unajua unaongea na nani?"

"Najua," nilisema. "Bakieni futi elfu tisa."

Lakini kabla ya kusema hivyo nilibonyeza kitufe, nikakiachia. Sentensi moja ingetosha, shukeni futi elfu saba, na ilikuwa sentensi aliyoitaka yeye mwenyewe. Niliisikia mdomoni kama chumvi. Wewe ndiye uliyenizuia, au wale masista, au ule mguu wa mtoto. Si huruma kwa Komanda. Huruma kwake sina, na usiniombe niwe nayo.

Ndege ya misheni ikasema imetoka. Nikamshusha Komanda taratibu, hatua kwa hatua, kama yai. Nilimtaka mzima.

Alipanda ngazi akifoka, mkaguzi nyuma yake. "Mwanamuke gani huyu anatuzungusha mu mawingu kama mbuzi ya kamba?" Nikasimama, nikamsalimu kwa heshima, nikampa kikaratasi cha ndege yake. Nikamkumbusha kanuni: anayesema kwenye redio anatia saini, na anaandika saa aliyosema. Alicheka. Akatazama saa yake ya dhahabu, akakadiria, akaandika.

Aliandika 10.20.

Mkaguzi alikuwa mtu wa mikrofoni ujana wake wote. Aliinama, akatazama. "Komanda, hii ni saa ya nyumbani."

Ndipo nikafungua kitabu cha sala, nikaweka kile cha 10.42 kando ya chake, na vile vitatu vya mkono wako. Mkaguzi alivisoma mara mbili. Akaniuliza jina la baba yangu. Nikalitaja lote, polepole, na nikamwona Komanda akitafuta mahali pa kukaa. Kulikuwa na kiti chako tu. Nilikikalia mimi.

Vikaratasi vimekwenda Kinshasa ndani ya bahasha yenye lakiri. Tume itaitwa upya, mkaguzi ameniandikia hivyo kwa mkono wake. Mama bado hajui. Nitamwambia watakapolisafisha jina lako mbele ya watu wale wale waliolichafua.

Sitaki Komanda aniombe msamaha. Nataka asimame pale uliposimama, aulizwe swali lile lile, na mimi niwe mbele yake nikimtazama.

Siku watakapomtia hatiani nitaiandika saa kwenye kikaratasi, saa ya mkono wa kulia, na nitakuletea kaburini nikuwekee chini ya jiwe. Hadi siku hiyo pumzika, Tata. Mikrofoni ninayo mimi, na hakuna atakayeninyang'anya.

Mwanao,
Ngalula