Msimamizi Aliyejifunza Kungoja

Jumamosi jioni, Likoni. Mvua imekatika tangu adhuhuri, nami bado natabasamu peke yangu kama mwehu.

Chumba cha kompyuta kimepona.

Mwalimu mkuu alishasema: mashine isipochapa ripoti zetu leo mbele ya wazazi, chumba kitageuzwa stoo ya madawati. Na wiki nzima mashine imetutia aibu. Leo inachapa, kesho inagoma.

Programu zetu mbili hufanya kazi chinichini, hakuna azionaye. Moja hutunza alama, nyingine huchapa. Ya tatu, niliyoiandika mimi, ni msimamizi: huziamsha kwa zamu. Tatizo ni kwamba mtunza alama alipoamka tu, msimamizi wangu alimwamsha mchapaji papo hapo. Mchapaji anaomba alama, mwenzake bado anafungua mafaili. Karatasi inatoka tupu.

Athumani, mwenzangu wa klabu ya kompyuta, alitaka msimamizi angoje sekunde kadhaa.

"Ngapi?" nikamuuliza.

"Nyingi tu, Bi Fatma, wazitakia nini hesabu?"

Lakini siku mashine ikiwa nzito, hata hizo nyingi hazitoshi.

Jibu nililipata jana nikikanda unga. Mama aliniita, nikaitika, "Abee!" Hakunituma. Alingoja mpaka niliposimama mbele yake. Kwetu, abee ni adabu, ni kusema nimesikia. Si kusema nimefika. Msimamizi wangu alikuwa akisikia abee na kuanza kutuma!

Leo asubuhi nikambadilisha. Sasa mtunza alama mwenyewe hutoa taarifa kwamba yuko tayari, na huitoa akishafungua faili la mwisho. Msimamizi hungoja taarifa hiyo. Isipofika, humzima mtunza alama na kumwanzisha upya.

Wazazi walijaa. Nikabonyeza. Kimya.

"Wallahi imelala," Athumani akaninong'oneza.

"Haijalala. Inangoja."

Nikaikazia macho printa. Mara ikaanza kukereza, jina la kwanza likatoka, alama zote mahali pake.

Mwalimu mkuu akauliza ni nani aliyeandika programu ile. Mimi, ambaye hata ruhusa ya kutoka darasani huiomba kwa kunong'ona, nikasema, "Ni mimi, mwalimu." Wazazi wa nyuma kabisa waligeuka kunitazama.

"Basi madawati yatatafutiwa pahali pengine," akasema.

Mama husema kujisifu si vizuri. Najua.

Leo tu, acha nijisifu.