Débarquement ku Muto ya Lubero

Kambale, mujukuu wangu,

Huku Butembo tunakusalimia sana. Shangazi yako na batoto bake balikimbia vita kule Eringeti, bakaacha mashamba yabo, bakafika na magodoro tu. Tuko nabo hapa nyumbani.

Unaniuliza kama tulijua ile débarquement ya vita ya zamani, basoda kushuka toka mu mashua, yenye banakumbuka kwenu Ufaransa pembeni ya bahari. Tuliijua! Ku misioni ya Lubero padri alitufundisha ile kwa muchezo. Bahari hatukuonaka hata siku moja, donc tulichukua muto. Batoto wanaume bakakuwa basoda, bakavuka mbio, bakapanda ngambo na kelele: "Tumeshinda!" Sisi mabinti na padri tukapiga makofi.

Mais ile ngambo ilikuwa shamba ya mama yangu, na maharagi yenye balikanyaga ilikuwa inatoa maua. Mama akasimama na jembe yake, akauliza polepole: "Padri, mu muchezo yenu, mwenye shamba iko upande gani?"

Sisi tulicheka sana.

Tangu shangazi yako alifika, sicheke tena. Basoda ba ile débarquement balikuja kukomboa batu, ile sikatae. Mais siku batakupeleka kuona ile bahari na madrapeau, zile bendera zabo, geuka kidogo, angalia mashamba yenye iko nyuma. Uliza nani alikuwa analima pale.

Koko yako mwanamuke